Mashine Haimjui a

Lom, 8 Februari 2022

Mwalimu Kalin,

Shikamoo sikupi, maana kwa kuitazama picha yako nimekuzidi umri kama miaka ishirini hivi. Wewe ndiye uniamkie. Mimi ni Zdravka Parvanova, yule mwanafunzi aliyeweka picha ya cherehani mahali pa sura yake.

Nilishona mashati ya Wajerumani mpaka kiwanda kikafungwa, na sasa nakaa mbele ya kompyuta kuukuu ya binamu yangu najifunza kuamrisha mashine ya aina nyingine. Sikufichi, hii ya pili ni tamu zaidi. Nikiandika sawasawa inatoka alama ya kijani na neno "Hongera!" Kiwandani neno hilo sikulisikia hata siku ya kuagwa.

Usije ukadhani ni mama wa makamo anayetafuta cha kupotezea muda. Mama yangu, Bi Tota, alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Nusu ya mji huu ni yeye aliyewashika mkono kuandika herufi ya kwanza. Sasa akili yake inakuja na kuondoka. Nikichelewa dukani namkuta barabarani na koti lake, anawahi shule. Hawezi kuachwa peke yake. Na huku kazi hakuna. Wanawake wa rika langu wote wako Italia wanawaogesha wazee wa watu. Kuna wakala hachoki kunipigia simu, anasema nafasi ipo, nisafiri kabla ya Pasaka. Nimemwambia asubiri kidogo.

Nyinyi mmeandika kwenye tangazo la shule yenu ya mtandaoni kwamba atakayefaulu mtihani wa Aprili ataajiriwa na kampuni ya bima hapo Plovdiv, na kazi ataifanyia nyumbani kwake. Nyumbani kwake, Mwalimu. Neno hilo nimelisoma mpaka nimelichakaza. Nikifaulu, nabaki na mama. Nikianguka, nakwenda kumtunza mama wa mwenzangu na wangu namwacha kwenye nyumba ya wazee. Mambo yangu ndiyo hayo, hayana kona.

Swali langu sasa. Nikiandika programu leo, kesho nikiirudia sielewi nilikuwa nawaza nini. Nyinyi wenye akili mnakumbukaje?

Zdravka Parvanova


Plovdiv, 9 Februari 2022

Bi Zdravka,

Shikamoo basi, isiwe ugomvi.

Wenye akili hawakumbuki, wanaandika. Ukianza mstari kwa alama ya reli, ile #, mashine inauruka, haiusomi kabisa. Hapo unaweza kujiandikia maelezo yako: hapa nimefanya hivi kwa sababu hii. Andika kwa Kibulgaria, kwa maneno yako mwenyewe, kama unavyoongea. Utanishukuru.

Nisamehe kwa ufupi, nina wanafunzi kama mia nne na nyote mnauliza siku moja.

Kalin Mutafov
Mwalimu wa wanaoanza


Lom, 1 Machi 2022

Mwalimu,

Heri ya Bibi Machi! Asubuhi nimemfunga mama uzi mwekundu na mweupe mkononi kama watu wote wanavyoukaribisha mwezi huu, naye akanifunga wangu, na leo mkono wake haukukosea fundo. Ningekutumia na wewe, lakini uzi haupiti kwenye mtandao.

Ushauri wako niliufuata mara moja. Sasa kila programu yangu ina maelezo. Mama akiwa vizuri anakaa pembeni yangu anayasoma kwa sauti, na nikikosea alama ya mkato ananipiga kikofi cha mkono. Programu haielewi, ila Kibulgaria changu anakisahihisha mpaka jasho linanitoka.

Lakini kuna balaa limeingia. Zoezi la pembetatu: pande tatu, a na b na c, mashine izijumlishe. Nikaandika a ni 3, b ni 4, c ni 5. Chini yake nikaandika maelezo yangu, halafu nikaiambia ijumlishe. Ikajibu kwa wekundu: "Jina a halijulikani." Halijulikani vipi? Nimemtambulisha hapo juu, hata hajakaa vizuri! Ni kama kumzaa mtoto, ukambatiza, Jumapili inayofuata padri yuleyule anakwambia huyu simjui.

Nimekutumia picha niliyopiga kwa simu. Niambie macho yangu yana nini.

Zdravka


Plovdiv, 3 Machi 2022

Bi Zdravka,

Nimeinakili programu yako kutoka kwenye picha, nikaiandika kwangu kama ilivyo, nikaiendesha. Imekubali bila shida. Kwa hiyo hesabu yako ni sahihi na mantiki yako ni sahihi.

Labda uligusa kitu bila kujua. Futa, andika upya taratibu. Mashine haina uonevu wala upendeleo. Ikikataa, basi kuna mahali sisi tumekosea. Hiyo ndiyo raha yake, utakuja kuiona.

Kalin


Lom, 14 Machi 2022

Mwalimu,

Raha yake sijaiona.

Nimefuta, nimeandika upya. Leo inamkubali a inamkataa c. Kesho inamkataa a. Siku nyingine inapita yote nikapiga makofi peke yangu, halafu zoezi linalofuata inasema haimjui x. Nimebadilisha kiti. Nimefuta kioo kwa siki. Mitra, jirani yangu, amekuja kuwasha mshumaa. Nikamwambia dada, hii ni kompyuta si ng'ombe, akaniambia na juu ya ng'ombe wake pia watu walisema mshumaa haufai kitu.

Nacheka nikikuandikia, lakini nikifunga nalia. Ubaya ni kwamba naielewa. Nikiwa namenya viazi naiona programu nzima kichwani, inatoka wapi inakwenda wapi. Kisha nakaa, naandika ninachokijua, na inanijibu kama nimeandika upuuzi. Nimeanza kujiogopa. Mama naye alianza hivihivi: aliandika ubaoni kitu alichokijua, na watoto wakaona kingine.

Nakuomba, mwanangu, tupigiane simu siku moja, uniangalie nikiandika. Mara moja tu.

Zdravka


Plovdiv, 17 Machi 2022

Bi Zdravka,

Kupigiana simu na mwanafunzi mmoja mmoja haturuhusiwi. Tungeanza na wewe tungemalizia wapi?

Naandika kwa jambo jingine, na sipendi kuliandika. Shule yetu ina mfumo wa kunasa udanganyifu. Umeziwekea bendera nyekundu kazi zako zote tangu katikati ya Februari. Hausemi sababu, unasema tu: "Maandishi yamechezewa." Mimi nikizifungua naziona ni nzuri, nzuri kuliko za wengi, na ndiyo maana natakiwa kuuliza. Je, kuna mtu anakuandikia? Binamu yako labda? Ukisema mapema mambo huwa mepesi.

Kalin Mutafov


Lom, 18 Machi 2022

Bwana Mutafov,

Anayeniandikia ni mimi.

Mama yangu aliwahi kunirudisha darasa, mimi binti yake wa pekee, kwa kuchungulia daftari la jirani. Nimekua na aibu hiyo, na tangu hapo sijachungulia hata sufuria ya mtu. Mashine yenu imeniita mjinga mwezi mzima nikanyamaza. Sasa umekuja wewe kuniita mwizi. Mjinga nilivumilia.

Z. Parvanova


Plovdiv, 20 Machi 2022

Bi Zdravka,

Nimekukosea, niwie radhi. Nimeisoma barua yako nikaona aibu mwenyewe. Nakuamini.

Bendera siwezi kuiondoa, si mamlaka yangu. Lakini nitakupa ushauri mmoja wa kukusaidia kwenye mtihani. Andika maelezo mengi zaidi. Kila baada ya mstari mmoja wa programu, andika mstari wa Kibulgaria ukieleza umefanya nini na kwa nini. Mwizi hawezi kueleza alichoiba. Atakayepitia kazi yako ataona wazi ni kichwa chako na mkono wako.

Nakuombea heri.

Kalin


Lom, 11 Aprili 2022

Mwalimu Kalin,

Nakuandikia kukuaga, sitaki tuachane na maneno yale ya Machi.

Mtihani nilifanya juzi Jumamosi. Mitra alimchukua mama kwake ili nipate utulivu. Niliandika maelezo baada ya kila mstari kama ulivyonishauri, na nilieleza vizuri, hata mwenyewe nilijipenda. Maswali yote niliyaelewa. Mashine ikasema haimjui a, haimjui c, haimjui e, haimjui mtu yeyote. Kila nikirekebisha, nikiongeza maelezo, inazidi kukataa. Mwisho saa ikaisha, kisanduku kikafungwa, pakaandikwa: "Usikate tamaa! Jaribu tena mwakani."

Sikulia. Nilikaa tu. Nilipoinuka nilimpigia wakala.

Jana nilimpeleka mama kwenye nyumba ya wazee. Nilipomwambia avae, alichagua mwenyewe koti lake la siku za shule, akachana nywele, akaniuliza kama darasa jipya ni kubwa. Nikamwambia ni kubwa, mama. Njia nzima alikuwa na furaha, akinieleza jinsi ya kuwashika watoto wanaolia siku ya kwanza: usiwabembeleze sana, wape kitu cha kufanya. Tulipofika akaingia ukumbini, akawaona wazee wamekaa kwenye viti ukutani. Akageuka akaniuliza, "Watoto wako wapi?" Muuguzi akamwambia wanakuja sasa hivi. Akakaa kuwasubiri, mikono kwenye magoti. Nikatoka hapo.

Basi linaondoka keshokutwa, nakwenda karibu na Bergamo. Ni kikongwe mmoja, Sinyora Ornella, hatembei.

Wewe ulikuwa mwema kwa kadiri ulivyoruhusiwa. Tuseme kichwa changu hakikuwa cha kazi hii.

Zdravka


Plovdiv, 25 Mei 2022

Bi Zdravka, Bi Zdravka,

Kichwa chako hakina tatizo lolote. Soma barua hii mpaka mwisho, tafadhali.

Jana ilikuwa sikukuu ya herufi. Shule zilikuwa zinapita chini ya dirisha langu na bendi na maua, nami nimebaki ndani kwa sababu tangu Aprili barua yako ya mwisho hainiachii nafasi. Nikaufungua mtihani wako. Mara hii sikunakili chochote. Nikaichukua kazi yenyewe kama ulivyoiacha, nikaiambia kompyuta yangu initafutie kila a iliyomo. Ikaonyesha moja, ikaruka ya pili. Ikaonyesha ya tatu, ikaruka mbili. Na zote kwa macho yangu ni a.

Ni hivi. Ukitaka kuandika maelezo unageuza kibodi iandike herufi zetu za Kikirili. Ukimaliza unatakiwa kuirudisha kwenye herufi za Kilatini, maana programu tunaiandika kwa hizo. Ukisahau kuirudisha, ukabonyeza a, inatoka a yetu. Ukifika kwenye b ikatoka herufi isiyofanana, unakumbuka kuirudisha, lakini ile a imeshabaki. Zetu na zao zinafanana kama pacha: a, e, o, c, x. Hakuna jicho la mtu linaloweza kuzitenga. Lakini kwa mashine ni watu wawili wasiojuana. Juu ulimtambulisha a wao, chini ukamwita a wetu, ikakujibu ukweli: huyu simjui. Mimi nilipoinakili picha yako niliandika zote kwa herufi zao, ndiyo maana kwangu ilikubali.

Kila ulipoongeza maelezo uligeuza kibodi mara nyingi zaidi. Na kila ulipoigeuza, ulikuwa na nafasi moja zaidi ya kusahau. Aliyekwambia uongeze ni mimi.

Bendera nyekundu nayo nimeielewa. Wanafunzi wanaoiba kazi za wenzao hubadilisha herufi kwa makusudi, wanachomeka zetu mahali pa zao, ili mfumo usione kwamba imenakiliwa. Mfumo ulikuona unafanya kama wao. Hukuwa unaiba, ulikuwa unaheshimu lugha yako. Vijana wangu wote hawakuanguka kwenye shimo hili kwa sababu Kibulgaria wanakiandika kwa herufi za kuazima, "ch" wanaweka 4, "sh" wanaweka 6, takataka tupu. Katika wote mia nne, anayeandika kama mtoto wa mwalimu ni wewe.

Nilizibadilisha zile herufi tu, nikaendesha mtihani wako. Kila swali limekubali. Kila swali, Bi Zdravka! Leo asubuhi nimeingia kwa wakubwa, nimegombana, nimepiga meza, nadhani hata mimi nitatafuta kazi karibuni. Lakini wamekubali. Umefaulu, bendera imefutwa, na kampuni ya bima imesema nafasi yako ipo. Rudi nyumbani. Mchukue mama yako.

Nisamehe. Nijibu haraka.

Kalin


Plovdiv, 2 Juni 2022

Bi Zdravka,

Nasubiri jibu lako kila siku. Najua una hasira na ni haki yako, nitukane unavyotaka, lakini uwajibu watu wa bima. Wamesema watakushikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Wanataka kujua jambo moja tu, utaanza lini.

Kalin


Karibu na Bergamo, 12 Juni 2022

Mwalimu Kalin,

Sina hasira. Sikujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Mama alifariki tarehe kumi na tisa Mei. Muuguzi anasema hakuugua. Alikuwa anaamka, anavaa, anakaa ukumbini, na chakula anasema atakula wakitoka darasani. Halafu akaacha hata kusema hivyo. Nilikuwa nawapigia simu, wananiambia anapumzika.

Kuzika sikwenda. Basi ni siku mbili, na binti wa Sinyora Ornella alikuwa safarini, hapakuwa na mtu wa kumgeuza kitandani. Nilimwomba wakala anitafutie mtu wa kunishikia hata kwa wiki. Akasema ningeondoka nisingekuta kazi. Mitra ndiye aliyesimama kaburini mahali pangu. Mimi niliandika tangazo la msiba kwa simu, nikamtumia, akalichapisha, akalibandika kwenye geti letu, kwenye nguzo za umeme na kwenye mlango wa shule. Niliandika kwa herufi zetu zote. Nililisoma mara nyingi kabla ya kulituma, nisimwaibishe kwa kosa la mkato.

Barua yako ilinikuta wiki hiyohiyo, nimekaa kwenye ngazi. Niliisoma nikaielewa yote, hata sehemu ya bendera. Nilifurahi dakika kidogo, siwezi kukuficha. Nilifurahi kwamba sikuwa naanza kuchanganyikiwa. Kisha nikainua simu nimweleze mama.

Unauliza nitaanza lini. Mwalimu, mimi bima sizijui wala sizipendi. Niliitaka kazi ile kwa sababu ya neno moja, nililisoma mpaka nikalichakaza. Sasa nyumbani kuna kufuli. Nikikaa pale na kompyuta yangu mchana kutwa, nitakuwa nimebaki na nani? Nafasi wampe mwanamke mwingine mwenye mtu wa kubaki naye. Cheti usinitumie, sina ukuta wa kukitundika.

Ila siku ya kwanza ya darasa lijalo, kabla ya chochote, waonyeshe zile a mbili. Na usiwaambie kwamba mashine haina uonevu. Mtu akikwambia haielewi, mwangalie akiandika.

Naacha hapa, Sinyora ananiita. Mimi Kiitaliano changu ni cha jikoni na yeye amesahau mengi. Mchana ananiita Fiorenza, jina la binti yake, anashika mkono wangu, analia, ananiuliza kwa nini nilimwacha kwa watu. Mwanzo nilikuwa namwambia mimi siye. Siku hizi namwambia nisamehe, mama, nimerudi.

Zdravka